Weupe Mchongezi

Ndoo imefika saa mbili asubuhi, theluji ingali kwenye kifuniko.
Macho ishirini na manne ya ng'ombe.
Buchari kahesabu, nami nikahesabu tena,
maana hapa Dundee hata jicho lina risiti.

Mimi si mwalimu. Ni fundi wa maabara:
nanoa, naosha, napanga trei,
kisha nasimama nyuma, karibu na sinki,
atakayezirai nimdake.

Wanaanza na mkasi. Mkasi unateleza.
"Bi Mize," anasema Eilidh, "halikatiki, gumu kama mpira."
Lidunge kwanza, namwambia, ndipo ukate.
Huo weupe ni ukuta.
Bila huo jicho ni uji tu.
Misuli sita imejishikiza hapo
kama kamba za hema: moja ikivuta,
mwenzake hulegea, nawe umeshatazama dirishani.
Na huku nyuma pana tundu,
mshipa mmoja hupenya kwenda kusimulia ubongoni.

Bwana Abernethy anachora ubaoni.
Nyuzi za konea: safu juu ya safu,
zimelingana kama mistari ya daftari.
Nyuzi za weupe: nene kwa nyembamba,
zimepishana kama ukili uliosukwa na mlevi.
Ni nyuzi zile zile, anasema.
Zikipangika, mwanga hupita.
Zikivurugika, mwanga hugonga, hutawanyika, hurudi,
na huo unaorudi ndio tunaouita nyeupe.

Nikaacha kufuta meza.
Miaka yote hii weupe kwangu ni usafi:
sanda, kanzu ya Ijumaa, shuka la mgeni.
Kumbe ni fujo.
Kumbe kilichonyooka hakionekani kabisa.

"Mbona ng'ombe akiwa hai hana nyeupe?" Rafał anauliza.
Anayo, kajifichia chini ya kope.
Huitoa akiogopa,
akigeuza jicho kuutafuta mlango.
Sisi tumeumbwa nayo nje, pande zote mbili za mboni,
ili mwenzio akuone unapotazama
kabla hujafungua mdomo.
Wahenga walisema macho hayana pazia.
Hawakusema kwamba yana mshale.

Mwaka ule, Glasgow, chumba kisicho na dirisha,
afisa alinitaka nimtazame anapouliza.
Nami nimelelewa kumshushia macho mkubwa,
nikamshushia.
Zulia lilikuwa la buluu, na doa la chai
lenye umbo la sikio.
Mkalimani alinisomea baadaye:
*mwombaji alikwepa kutazama.*
Ni kweli. Weupe wangu ulimwonyesha nilipotazama,
akaandika.
Ya heshima hakuyaona,
na fomu haikuwa na kisanduku chake.
Nilisubiri miezi kumi na tisa.

Kengele ya mwisho. Nakusanya vipande,
napanga nusu na nusu, nahesabu:
ishirini na tatu.
Nahesabu tena.
Nani ana jicho langu?
Kimya. Hakuna aliyejikuna.
Lakini weupe, ule mchongezi,
darasa zima ukateleza upande mmoja,
jozi baada ya jozi,
hadi kwenye begi la Callum, chini ya dawati la pembeni,
na Callum peke yake ndiye aliyekuwa
anatazama dari.

Sikumwita.
Niligeukia sinki, nikafungua bomba,
nikainamisha macho yangu kama nilivyofunzwa,
nikahesabu vigae vya sakafuni, cheupe, cha kijivu, cheupe,
mpaka niliposikia nyuma yangu
zipu,
hatua tatu,
na kitu cha mviringo kikidondoka ndooni.